Unataka Kuchunguza RNA Katika Magonjwa ya Neva? Anza Kuihoji Sampuli

Wanafunzi wanaotaka kuingia kwenye utafiti wetu wa RNA (nakala za jeni ambazo seli huzitumia kutengeneza protini) na magonjwa yanayoua seli za neva huniuliza karibu wote swali lile lile: nijifunze programu gani ya kuchambua data? Programu utazijua tu, zenyewe hubadilika kila kukicha. Kigumu zaidi ni kujua kama mabadiliko unayoyaona ndiyo yanayoleta ugonjwa, au ni mabaki yake.

Chukua tishu ya ubongo wa mtu aliyefariki kwa ugonjwa wa Alzheimer, uilinganishe na ya mtu ambaye hakuwa nao. Utakuta jeni chungu nzima ambazo RNA zake zimepungua au zimeongezeka. Sasa tulia. Eneo lile lilikwisha kupoteza nyuroni, yaani seli za neva, nyingi, na seli za glia, zile zinazozisaidia nyuroni, zimeongezeka. RNA za nyuroni zitaonekana zimeshuka hata kama kila nyuroni iliyobaki inazitengeneza vilevile. Ulichopima hapo si udhibiti wa RNA, ni idadi ya seli zilizokufa. Kusoma RNA ya kiini cha seli kimoja kimoja kunasaidia sana, ila kiini hakikuonyeshi kinachoendelea kwenye aksoni, ule mkia mrefu wa nyuroni, na aksoni ya nyuroni inayoendesha misuli ya mguu inaweza kufika mita moja.

Ndiyo maana mimi hutaka kuona jedwali la sampuli kabla ya grafu yoyote. Zilikaa muda gani baada ya kifo kabla ya kugandishwa? RNA ina ubora gani kwenye ile alama ya RIN, inayokwenda kutoka 1 hadi 10? Kama sampuli za wagonjwa zina RIN ya chini na zile za kulinganishia zina RIN ya juu, usitegemee hesabu zikuokoe. Mambo ya glavu na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri sitayarefusha: vimeng'enya vinavyokata RNA viko hata kwenye ngozi yako, basi.

Mfano unaonishawishi mimi kuliko yote ni wa protini ya TDP-43. Mwaka 2006 iligundulika kuwa ndiyo inayofanya mabonge ndani ya nyuroni za wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua nyuroni zinazoendesha misuli, na katika aina mojawapo ya ugonjwa unaoharibu sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa kawaida hukaa kwenye kiini, ikishika RNA na kuzuia vipande visivyohitajika visiunganishwe humo. Kwenye takriban 97% ya wagonjwa wa ALS huhama kiini na kuganda nje yake. Vipande vile, tunavyoviita eksoni fiche, hupata mwanya. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba RNA ya jeni ya STMN2 hukatishwa njiani kwa namna hiyo, na nyuroni ikakosa protini inayoisaidia aksoni kuota upya.

Kisha ikaja UNC13A. Tofauti za urithi kwenye jeni hiyo zilihusishwa na ALS tangu 2009, na hakuna aliyejua zinafanya nini. Mwaka 2022 ikaonekana ziko palepale eksoni fiche inapojipenyeza, nazo huirahisishia kazi. Hapo ndipo mimi hulegeza shaka: mtu huzaliwa na tofauti hiyo, kwa hiyo haiwezi kuwa imeletwa na ugonjwa.

Lakini eksoni hizo mbili hazitokei kwa panya. Ukitegemea panya peke yake, hutaziona kamwe. Fanya kazi na nyuroni zilizotengenezwa kutokana na seli za ngozi au damu ya binadamu, huku ukikumbuka kwamba ni nyuroni changa, na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni wa utu uzima.

Jambo la mwisho, ambalo maabara hazifundishi: familia za wagonjwa watakutafuta. Usiwape matumaini yaliyotoka kwenye sahani ya seli. Ni kweli kurekebisha RNA kunaweza kuwa tiba. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hufanya RNA ya jeni ya SMN2 ibakishe kipande chake kinachohitajika, eksoni ya 7, na imebadilisha maisha ya watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa SMA. Ni kweli pia kwamba mwaka 2021 dozi za dawa nyingine, tominersen, zilisimamishwa kwenye jaribio kubwa la ugonjwa wa Huntington, ingawa dawa hiyo ilikuwa imeonyesha kuwa inapunguza protini iliyolengwa. Tofersen nayo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ni ya wenye mabadiliko kwenye jeni ya SOD1, ambao ni takriban 2% tu ya wagonjwa wa ALS. Wakikuuliza habari zake, waulize kama mgonjwa amepimwa jeni. Kama bado, waelekeze kwa daktari wake wa neva.