Jibu: Je, Roncalli alikuwa Mzayuni?

Ndugu yangu, umeuliza kama Angelo Roncalli, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane wa XXIII, aliunga mkono Uzayuni, yaani harakati za kuwajengea Wayahudi taifa lao Palestina, maana akiwa mjumbe wa Papa kule Istanbul wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwasaidia Wayahudi kufika Palestina.

Hapana. Soma barua yake ya tarehe 4 Septemba 1943 kwa Kardinali Maglione, Katibu Mkuu wa Vatican. Anakiri kwamba wazo la Kanisa kuwaelekeza Wayahudi Palestina, kana kwamba ni kujenga upya ufalme wao wa kale, linamtia mashaka. Hapo alikuwa mtoto wa Kanisa la zama zake. Tangu 1904 Papa Pius X alikwishamkatalia ana kwa ana Theodor Herzl, kiongozi wa Uzayuni, alipoomba Kanisa liunge mkono harakati hizo.

Lakini mashaka hayo hayakumfunga mikono, na hapa ndipo mimi ninapomheshimu sana. Alimpokea Chaim Barlas wa Shirika la Kiyahudi, lililoshughulikia Wayahudi kuhamia Palestina, na mwaka 1944 akakutana na Rabi Herzog, rabi mkuu wa Palestina. Hati za kuhamia Palestina zilipitishwa kwake hadi kwa Askofu Mkuu Rotta, balozi wa Papa mjini Budapest, wakati Wayahudi wa Hungaria wakipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Karatasi tu, lakini zilisaidia kuokoa watu.

Kwa hiyo usipime msimamo wake wa kisiasa kwa idadi ya aliowaokoa. Vatican yenyewe ilikubaliana na Israeli kuanzisha uhusiano rasmi Desemba 1993, miaka 30 baada ya kifo chake.