Usimlipe mtu akutundikie picha ukutani

Usilipe. Hata kabla sijakusalimu, mdogo wangu wa Malindi, nakuomba ushike simu umwambie mweka hazina wa chama chenu kwamba ule mkopo wa shilingi 85,000 huutaki tena. Umeandika kwamba kwa miaka miwili umekuwa ukiyapiga picha magofu ya Gede na wavuvi wa kwenu kwa kamera ya mtumba, na kwamba sasa amejitokeza bwana mmoja anayekupa ukuta kwa siku 10 katika maonyesho ya Nairobi, mradi umlipe kabla ya Ijumaa kwa kuwa zimesalia nafasi mbili tu. Hizo nafasi mbili nazijua. Zilikuwa zimesalia mbili nami niliponunua yangu, na nilipofika ukumbini nikatukuta wapiga picha 11, kila mmoja ameuziwa mojawapo ya zile mbili za mwisho.

Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni, karani wa duka mchana na mpiga picha jioni jua linapolegea. Watu walipozoea kunisifu kwa picha za punda na majahazi nilizowatumia kwenye simu, nilijiona nimekwisha fika na kilichobaki ni ukuta tu. Ndipo alipopiga simu yule dalali aliyeniuzia ukuta, kwa sauti ya upole kama ya mtu aliyekuja kuposa, akaniambia kwamba wapiga picha wa pwani hawavumi kwa sababu hawana wa kuwasimamia. Ningekuwa na akili timamu siku ile ningemwuliza ni nani aliyemsimamia marehemu Omar Said Bakor, ambaye alijifunza kazi mwenyewe, akazunguka na kamera mitaani kwa miaka kabla ya kufungua studio yake hapahapa Lamu katika miaka ya 1960, akawa anaunganisha picha kwa mkasi na gundi kwa ustadi ambao watafiti walifunga safari kutoka ng'ambo kuja kuuandika. Sikuuliza. Mwenye njaa hana miiko, nami nilikuwa na njaa ya kuitwa msanii.

Nikauza sehemu yangu ya mashua tuliyoachiwa na baba. Kaka yangu aliinunua kwa bei ya huruma, na hadi leo akipita na samaki wake hunisalimu kwa kuniuliza habari za Nairobi. Shilingi 60,000 zikaenda kwa dalali kama ada ya ukuta. Nikachapisha picha 18 za upana wa sentimita 90, shilingi 2,500 kila moja, nikazitia fremu na kioo kwa shilingi 3,000 kila moja, kisha shilingi 9,500 zikaliwa na usafirishaji. Jumla ni shilingi 168,500, na hapo sijahesabu nauli yangu wala viatu nilivyonunua ili nisionekane nimetoka kisiwani.

Kamera yangu ya wakati huo ilitoa picha ya nukta 4,288 kwa 2,848, nukta zikiwa ni vile vidoa vidogo vinavyoiunda picha. Ukiitanua hadi sentimita 90 unabaki na nukta zipatazo 120 kwa inchi, ilhali kwa picha itakayotazamwa kwa karibu wachapishaji hupendelea 240 hadi 300. Dalali hakulitaja jambo hilo hata kwa kukohoa. Wala hakuomba kuona picha zaidi ya zile tatu nilizomtumia mwanzo, ambazo alizijibu kwa neno moja tu, "kali", na chini yake namba ya kulipia. Dalili hiyo ilinipita mbele ya macho. Mtu anayetaka kuuza picha zako hukuchosha kwa maswali: atataka kujua umezipiga wapi, ziko ngapi za aina moja, za mwaka gani, na utazichapisha kwenye karatasi ya namna gani.

Fremu nilizifunga kwa mablanketi na mikeka, tukavuka nazo hadi Mokowe, zikapakiwa kwenye basi. Vioo vinne vilifika vimevunjika, jambo ambalo nilidhani ndilo balaa la safari ile, mpaka nilipoingia ukumbini na kuoneshwa ukuta wangu. Ulikuwa na upana wa mita mbili na nusu. Sikuwahi kuuliza upana. Nilikuwa nimelipia ukuta kama mtu anayelipia shamba bila kuuliza mipaka, kwa hiyo picha nne tu ndizo zilizoenea, mbili juu na mbili chini, na zile 14 zikasimamishwa kwenye stoo kando ya ndoo ya kupigia deki. Zilizovunjika vioo zilipata mahali pa kupumzikia, basi tumshukuru Mungu.

Jioni ya ufunguzi ndiyo iliyonifumbua macho. Tulikuwa wapiga picha 11, na kila mmoja alikuwa amewaalika binamu zake. Wanunuzi wakubwa tulioahidiwa sikuwaona, na nilipomwuliza dalali wako wapi alinijibu kwamba watu wa namna hiyo huja siku za katikati ya wiki, kimyakimya. Mtu aliyesimama mbele ya picha yangu ya jahazi kwa muda mrefu kuliko wote ni msichana aliyekuwa akipitisha sinia la sambusa, akaniuliza kama pale ni Zanzibar. Katika siku zote 10 niliuza picha moja kwa shilingi 12,000, na aliyeinunua ni mtoto wa ami yangu anayeishi Nairobi, aliyenihurumia. Dalali akakata asilimia 30 katika pesa hizo za huruma, yaani shilingi 3,600, baada ya kuwa amekwisha kula 60,000.

Hapo nataka unielewe vizuri, kwa sababu watakuja wengine humu kukuambia kwamba biashara ni kujitoa mhanga. Jumba la sanaa la kweli hula kwako baada ya picha kuuzwa, na kwa kawaida hula sana, mara nyingi asilimia 40 hadi 50, kiasi kwamba ukisikia mara ya kwanza utadhani unaibiwa. Lakini jumba hilo lisipouza halipati kitu, kwa hiyo mwenye jumba hupigia simu wateja wake, hukuchagulia picha tano akazikataa ishirini, na huumia ukuta ukikaa mwezi mzima bila kuuza. Yule wangu alikuwa ameshapata faida yake yote siku nilipotuma pesa. Nilimlipa yeye, sasa yeye amtafute mnunuzi kwa uchungu gani? Mteja wake nilikuwa mimi. Nilipolitambua hilo nilikuwa kwenye basi la kurudi, na picha 17 kwenye buti.

Gharama ya kuchapisha na fremu mara nyingi itakuwa juu yako, hilo halina ubaya, na yako mashindano ya picha yanayotoza ada ndogo ya kuingia ambayo hayatakufilisi. Ukitaka kukodi ukumbi mwenyewe ukijua unakodi ukumbi, kodi. Ninachokukataza ni kumlipa mtu anayejiita mwenye jumba la sanaa ili akutundikie, hata akikupunguzia, hata akikuruhusu ulipe nusu sasa na nusu baadaye.

Zile picha 17 nilizirudisha Lamu wakati kusi imeanza. Kwa kuwa fundi wa fremu alizibana picha moja kwa moja kwenye kioo, bila ile karatasi nene ya pembeni inayoacha nafasi ya hewa, unyevu uliingia na picha zikagandamana na vioo, nyingine zikaota madoa ya ukungu kama uso wenye mba. Fremu moja mama aliigeuza sinia, ndiyo anayowapelekea wageni halua hadi leo, na wanaisifu.

Mwaka uliofuata sikuwa na pesa ya kupotezea, nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Nilikwenda Matondoni mara kwa mara kwa miezi saba kuwapiga picha mafundi wa majahazi, mikono yao tu na zana zao, nikachagua picha 10 zinazofanana kwa mwanga na kwa habari, nikaziandikia barua fupi nyumba nne za sanaa. Mbili zilinyamaza, moja ilikataa kwa adabu. Ya nne iliniita, ikachukua picha nne, na kabla sijaziacha mezani nikapewa karatasi yenye saini iliyotaja kila picha kwa jina, vipimo, bei, mgawo wa nusu kwa nusu, siku za kunilipa baada ya mauzo, na tarehe ya kunirudishia zisizouzwa. Hawakuniomba hata shilingi. Mbili ziliuzwa, kwa watu ambao si wa ukoo wetu.

Kwa hiyo leo usiku mwandikie huyo bwana wako mambo matatu: akutajie wapiga picha watatu aliowafanyia maonyesho ili uzungumze nao mwenyewe, akupe upana wa ukuta kwa mita, na akubali kuifuta ada ya 85,000 ajilipe kwa nusu ya kila picha atakayouza. Hilo la tatu mwongezee lifike hata asilimia 60, uone atakavyopata shughuli ghafla. Ulete majibu yake hapa kabla ya Ijumaa, na pesa za chama zibaki zilipo.