Faili limefika nusu na seva wala haikwambii

Kama unaandika kodi (code, maelekezo ya kompyuta) ya kutuma mafaili kwenye seva, ngoja nikupe yaliyonikuta hapa Mbeya msimu wa mvua, maana mi nilijua nshamaliza kazi na hela nshakula.

Kuna mzee ana duka la pembejeo Mwanjelwa, alitaka mauzo ya jioni yaende kwenye seva ayaone kwenye simu akiwa kwake Uyole. Nikamwandikia skripti ya Python, natumia Paramiko, maktaba ya Python ya kuongea na seva, inaingia kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha mafaili, inafanya put, yaani inapandisha faili, inatoka, basi. Wiki mbili safi kabisa. Siku hiyo mvua inapiga, umeme ukakatika faili liko njiani, na kule kwenye seva kuna kodi nyingine kila dakika 5 inasoma chochote kinachoitwa mauzo.csv, ikasoma nusu ileile. Mstari wa mwisho ulitakiwa uwe DAP,12 (mbolea ya DAP na idadi yake) ukaishia DAP,1. Saa tatu usiku simu: "We kijana, mbolea yangu imeenda wapi?" Nikabaki naomba radhi tu.

Dawa yake ndogo mno mpaka inaudhi. Usitume kwa jina lenyewe. Tuma kama mauzo.csv.part, likiisha linganisha ukubwa wa huku na wa kule kwa stat, amri ya kuuliza taarifa za faili, vikilingana ndo ubadili jina, humohumo kwenye folda ileile. Kubadili jina ni kitendo cha mara moja, anayesoma atakuta faili la zamani au jipya zima, nusu haoni. Ila angalia, rename (amri ya kubadili jina) ya kawaida ya SFTP kwenye OpenSSH, programu ya SSH iliyo kwenye seva nyingi, inagoma kama jina hilo lipo tayari, hapo nilipoteza jioni nzima nikilaumu mtandao wa watu, tumia posix_rename, hiyo inafunika la zamani.

Kushusha nako hivyohivyo, get, yaani amri ya kushusha, iandike kwenye .part halafu ubadili jina kwa os.replace ya Python. Mafaili makubwa ya bekapu mi siandiki kodi, naita rsync, programu ya kunakili mafaili, na --partial, ikikatika unaendelea ulipoishia, bando linapona. FTP ile ya zamani ya poti 21, siyo SFTP, achana nayo, paswedi inapita wazi kabisa.

Na faili la kwenye kompyuta ya duka usilifute likishafika tu, la yule mzee nalihamishia folda ya zilizotumwa, linakaa siku 7 ndo linafutwa.