Usiku wa Alhamisi Daytona: Ushauri kwa Mwandishi Anayeanza Kuripoti Mbio za Kufuzu

Wanaoniandikia wakitaka kuanza kuripoti Daytona 500, mbio kubwa za magari za NASCAR nchini Marekani, kwa Kiswahili huniuliza kwanza kuhusu Jumapili: nani anapewa nafasi ya kushinda, gari lipi lina kasi, kibali cha mwandishi hupatikanaje. Huwa nawarudisha nyuma siku tatu, hadi usiku wa Alhamisi, kwa sababu ndipo zinapofanyika mbio mbili zinazoitwa Duel, kila moja ya mizunguko 60 yenye jumla ya maili 150, katika uwanja uleule wa Daytona International Speedway huko Florida. Mbio hizo ndizo zinazopanga karibu magari yote yatakayoanza Jumapili, na ndizo zinazoamua nani atafunga mizigo na kurudi nyumbani kabla shindano kubwa halijaanza. Mwandishi asiyeelewa Alhamisi ataitangaza Jumapili kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo katikati.

Nilikulia Voi, ambako Safari Rally ya zamani ilikuwa ikipita, na nadhani wengi wenu pia mliyajua mashindano ya magari kwa njia hiyo: gari huachiwa, baada ya muda huachiwa jingine, na dereva hushindana na saa zaidi kuliko anavyoshindana na mwenzake. Jumatano ya Daytona inafanana na hilo. Kila gari huingia uwanjani peke yake likapimwa muda wake, na madereva wawili wenye muda bora hujihakikishia safu ya kwanza ya Jumapili, mmoja upande wa ndani na mwingine upande wa nje. Hao hawaondolewi katika nafasi zao na matokeo ya Alhamisi, ila gari likiharibika wakalazimika kuchukua jingine watarudishwa nyuma. Wengine wote nafasi zao bado ziko hewani, na kuanzia hapo saa si mpinzani tena. Mpinzani ni gari lililo ubavuni mwako, umbali wa shubiri chache, katika kona iliyoinuliwa kwa nyuzi 31.

Mgawanyo wenyewe ujifunze hadi uweze kuusema bila kusoma. Magari hugawanywa katika makundi mawili, na matokeo ya Duel ya kwanza hujaza mstari wa ndani kuanzia safu ya pili, ilhali matokeo ya Duel ya pili hujaza mstari wa nje. Ndiyo maana mwaka 2025 Bubba Wallace, aliyeshinda Duel ya kwanza, alianza Jumapili akiwa wa tatu. Idadi ya kawaida ya magari yanayoanza Daytona 500 ni 40. Tangu mwaka 2016 timu zenye hati ya kudumu ya ushiriki zina nafasi 36 ambazo haziguswi, hata kama magari yao yatamaliza Alhamisi mkiani. Zinabaki nafasi nne kwa timu zisizo na hati: mbili hutolewa kwa muda wa Jumatano, na mbili nyingine hugombaniwa Alhamisi, moja katika kila Duel. Mwaka 2025 iliongezwa nafasi ya 41 kwa utaratibu maalumu wa kumpokea dereva mwenye sifa kubwa kutoka mashindano mengine, akapewa Hélio Castroneves, bingwa wa Indianapolis 500 mara nne; kwa hiyo usiseme kwa uhakika kwamba magari ni 40 kabla hujaangalia orodha ya mwaka husika.

Msikilizaji wa Kiswahili utamfikisha hapo haraka ukimkumbusha riadha. Katika mchujo wa mita 800 amezoea kwa miaka mingi kusikia kwamba fulani amefuzu kwa nafasi na fulani amefuzu kwa muda. Hapa ni vivyo hivyo, na kuna hesabu moja ambayo huwachanganya hata wakongwe. Dereva asiye na hati ambaye tayari ana nafasi kwa muda wake wa Jumatano anaweza kuwatangulia wenzake wasio na hati katika Duel yake. Hapo anahesabiwa kuwa amefuzu kwa mbio, na ile nafasi yake ya muda humwendea anayemfuata kwa kasi miongoni mwa wasio na hati, ambaye huenda hata hayumo katika Duel hiyo. Mtu anaweza kufuzu akiwa amekaa gereji akitazama skrini, na mwingine akakosa ilhali amemaliza katika nafasi nzuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinichukua misimu miwili kulielewa, na ambalo ningependa wewe ulielewe kabla hujapanda jukwaani. Katika Duel magari yaliyo uwanjani hayashindani mbio moja. Mwaka wangu wa kwanza niliwafuata watatu wa mbele mwanzo hadi mwisho, nikaandika kila walipopishana, na bendera iliposhuka nikagundua kwamba habari kubwa ya usiku ule ilikuwa imetokea katikati ya msafara, mahali ambapo sikuwa nimetupia jicho hata mara moja. Nilihuzunika kwelikweli, kwa kuwa wasikilizaji wangu walistahili kuisikia. Tangu hapo, kabla ya kila Duel huchukua karatasi nikaigawa mara tatu. Sehemu ya kwanza huandika yule wa safu ya mbele aliyemo katika Duel hiyo, ambaye kazi yake ni kulinda gari. Ya pili huandika wenye hati, wanaotafuta nafasi nzuri ya kuanzia na pointi, lakini hawana hofu ya kukosa Jumapili. Ya tatu huandika wasio na hati, na hawa huwapigia mstari mwekundu pamoja na namba za magari yao, kwa sababu kwao kila kitu kiko hatarini.

Mfano ambao huwapa wanafunzi wangu wote ni wa mwaka 2024. Jimmie Johnson, bingwa wa msimu mara saba na mshindi wa Daytona 500 mara mbili, alikuwa akiendesha gari lisilo na hati, na hakuwa amepata nafasi kwa muda. Katika Duel ya kwanza nafasi moja iligombaniwa hadi mzunguko wa mwisho, na Johnson akampita J.J. Yeley katika mzunguko huohuo. Tyler Reddick ndiye aliyeshinda mbio zile, na jina lake lazima uliandike. Lakini aliyekuwa akimtazama Reddick peke yake hakuona namna bingwa wa mara saba alivyoponea chupuchupu, wala hakuona namna Yeley alivyonyang'anywa Jumapili yake akiwa karibu kabisa na mstari.

Ukishaigawa karatasi yako hivyo utaanza kuelewa mambo ambayo mgeni huyaona ni uvivu. Utamwona dereva mashuhuri akijirudisha nyuma kabisa ya msafara, mizunguko 15 ikiwa imebaki, akaendesha peke yake kama mtu anayekwenda sokoni. Hajashindwa. Gari likivunjika Alhamisi, timu hulazimika kutoa gari la akiba, na dereva wake huanza Jumapili kutoka nyuma; tena mafundi wanakuwa na siku chache tu za kuliandaa gari ambalo halijaonja uwanja. Mwenye safu ya mbele ana mengi ya kupoteza na machache ya kupata. Ila usidhani kwamba kujitenga ni jambo rahisi, kwa sababu Daytona gari moja haliwezi kwenda kasi kama msafara. Gari la mbele hukata upepo, la nyuma yake hukutana na upinzani mdogo, na yakishikamana yote mawili huenda kasi kuliko lolote likiwa peke yake. Aliyekosa wa kumsukuma huachwa, na akiachwa sana huweza kupitwa kwa mzunguko mzima. Kwa hiyo dereva asiye na hati husali apate wenzake wa chapa yake, Chevrolet, Ford au Toyota, kwa kuwa ndio watakaokubali kumfuata anapotoka kwenye mstari.

Sehemu inayoamua mbio hizi mara nyingi kuliko ile ya mzunguko wa mwisho ni kituo cha mafuta na matairi, ambacho sisi kwa mazoea tumekiita piti. Tangi halitoshi mizunguko 60, kwa hiyo kila gari lazima liingie walau mara moja, na kama hakuna bendera ya njano, ishara ya hatari inayolazimisha magari yote kupunguza mwendo, magari huingia kwa makundi, chapa kwa chapa, yakiwa bado kwenye mwendo mkali. Kundi likiongeza mafuta kwa sekunde mbili pungufu hutoka mbele ya kundi jingine, na mara nyingi halishikwi tena. Hatari pia iko hapo. Mwaka 2020 Daniel Suárez, aliyekuwa na gari lisilo na hati, alikuwa akipunguza mwendo ili aingie piti, Ryan Blaney aliyekuwa nyuma akamgonga, na Suárez akakosa Daytona 500. Blaney alikuwa na nafasi yake kwa hati. Ajali moja, magari mawili, na matokeo mawili ambayo hayalingani hata kidogo. Ukiwa umeipiga mstari mwekundu namba ya Suárez kwenye karatasi, utajua papo hapo nini kimetokea, wakati wengine bado wanatafuta picha za marudio.

Kwa sababu hiyo nakushauri upate redio ya kusikiliza mawasiliano ya timu. Wapo wanaozikodisha uwanjani kwa mashabiki, na haziwahusu matajiri peke yao. Juu ya paa la jukwaa kuu husimama waangalizi, mmoja kwa kila dereva, wanaomwambia nani yuko ubavuni, nani anakuja, lini kundi linaingia piti. Mgeni hupenda kusikiliza timu ya bingwa. Wewe sikiliza timu moja isiyo na hati, na ubaki nayo mizunguko yote 60. Utajifunza katika saa moja yale ambayo taarifa za baada ya mbio haziwezi kukupa.

Kuhusu kutangaza mshindi nitasema kwa mkazo. Mwaka 2025, katika Duel ya pili, Erik Jones alivuka mstari akiwa mbele, akashangilia, na waandishi wengi tukaandika jina lake. Lakini kulikuwa na ajali katika mzunguko wa mwisho, na bendera ya njano ikitoka, kinachohesabiwa ni nani alikuwa mbele taa za tahadhari zilipowaka, si nani aliyefika mstarini. Wasimamizi walirejea picha, wakaona kwamba wakati huo Austin Cindric ndiye aliyekuwa mbele, na ushindi ukawa wake. Mimi nilikuwa nimeshatuma sentensi moja. Niliifuta, nikaomba radhi kwa wasikilizaji, na tangu siku ile siandiki neno "ameshinda" kabla matokeo rasmi hayajatoka. Huandika "ametangulia mstarini", maneno yanayobaki kuwa kweli hata uamuzi ukibadilika. Kumbuka pia kwamba Cindric alikuwa tayari na safu ya kwanza kutokana na Jumatano, kwa hiyo ushindi haukumsogeza mahali popote Jumapili. Ulimpa pointi kumi badala ya tisa, na msimu mrefu unaweza kuamuliwa na pointi moja.

Pointi zenyewe zina historia ya kuangaliwa kwa makini, kwani takwimu za Duel ni mtego. Mbio za kufuzu zilikuwapo tangu uwanja ulipofunguliwa mwaka 1959, zikiwa za maili 100. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikawa za maili 125, na mwaka 2005 zikafikia 150. Hadi 1971 zilihesabiwa kama mbio kamili, na aliyeshinda aliongezewa ushindi katika rekodi yake. Kuanzia 1972 hazikuwa na pointi, hadi mwaka 2017 zilipoanza tena kuwapa pointi kumi bora wa kila Duel, kumi kwa wa kwanza hadi moja kwa wa kumi, bila kuhesabiwa kuwa ushindi rasmi. Dale Earnhardt alishinda mbio hizi kila mwaka kuanzia 1990 hadi 1999, na jumla yake ni 12, lakini hutazikuta ndani ya ushindi wake 76. Katika miaka hiyo kumi alishinda Daytona 500 yenyewe mara moja tu, mwaka 1998. Ukitumia rekodi ya Alhamisi kutabiri Jumapili, mfikirie Earnhardt kwanza. Wala usiziite mazoezi: mwaka 1970 na tena 1972, dereva alipoteza maisha katika mbio hizihizi za kufuzu.

Jambo la mwisho ni kazi ya baada ya mbio. Wote watakimbilia kwa mshindi, na hutapata nafasi ya swali. Wewe nenda gereji, kwa timu iliyokosa. Utakuta mafundi wanapakia gari kwenye lori, hawasemi, na dereva amekaa kwenye ngazi na kofia yake ya chuma mapajani. Usianze na swali. Kwetu mtu aliyepatwa na jambo huambiwa pole kwanza, na nimeona kwamba desturi hiyo haihitaji mkalimani: mwambie kwa Kiingereza kwamba umesikitika kwa yaliyompata, nyamaza, msubiri. Wengine hutikisa kichwa, na hapo ondoka. Wengi huzungumza, na huanza kueleza wenyewe ni katika mzunguko upi waliona nafasi yao ikiwaponyoka.