Ajali ya boda na bili ya hospitali: fuateni mpangilio huu kabla hamjauza shamba

Pole sana, dada. Umeeleza kwamba mdogo wako alikuwa abiria wa boda kutoka Maseno kwenda Luanda, gari aina ya Probox likakata kona mbele yao, mguu ukavunjika mahali pawili chini ya goti na mfupa ukatokeza nje. Leo ni siku ya tatu yuko katika hospitali ya kibinafsi Kisumu, amana mliyoweka imekwisha, upasuaji wa kuweka chuma haujafanywa, na wazee wameanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Waambie wasubiri. Pesa nyingi hupotea wiki ya kwanza: familia hulipa kila kinachotajwa kwa sababu ya hofu, na karatasi ambazo zingerudisha pesa hizo hakuna anayezishughulikia.

Lakini kabla ya pesa, uliza swali moja wodini sasa hivi: kidonda kimefunguliwa na kuoshwa thieta, au kimefungwa bendeji tu? Mfupa uliotoka nje huhitaji antibayotiki za mshipani mapema kabisa, sindano ya pepopunda, na kuoshwa thieta, kwa kawaida ndani ya saa 24. Kama hakijaoshwa, hilo lisingoje mazungumzo ya bili. Usaha ukishaingia mfupani, mnaingia kwenye miezi ya dawa na upasuaji wa kurudiarudia, na gharama yake hupita yote mnayoyaogopa leo. Chuma cha ndani kinaweza kungoja siku kadhaa, kuosha hakungoji.

Angalia pia vidole vya mguu huo. Vishike uvikunjue polepole. Akipiga kelele kwa maumivu yasiyolingana na hayo, na shavu la mguu limekaza kama mpira uliojazwa upepo, au vidole vimekufa ganzi, ita daktari papo hapo, hata usiku wa manane. Damu na uvimbe vinabana misuli kutoka ndani, na misuli hufa kwa saa chache. Hii ndiyo sababu nawasihi msimtoe mkampeleke kwa mganga wa mifupa wa kijijini. Vijiti vikikazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba, wengi hurudi hospitalini kukatwa mguu ambao ungepona.

Sasa hospitali. Wakati mzuri wa kumhamishia hospitali ya umma ni kabla ya upasuaji mkubwa, kidonda kikiwa kimeshaoshwa na mguu umefungwa banzi vizuri au umewekewa fremu ya nje, yaani vyuma vinavyoshika mfupa kwa pini kutoka nje. Kisumu mna Jaramogi, ile wenyeji wanaita Russia. Upande wa pili mna hospitali ya rufaa ya kaunti ya Kakamega, na Eldoret kuna Moi. Msipakie mgonjwa kwanza ndipo mtafute kitanda. Mwombeni daktari anayemtibu apige simu mwenyewe kule, aulize mambo matatu: kitanda kipo, daktari wa mifupa yupo wiki hii, na chuma cha saizi yake kipo au familia itanunua. Mgonjwa akihamishwa bila majibu hayo, hukaa wiki mbili au tatu kitandani akingoja zamu ya thieta, na bili ya kitanda inaendelea kupanda.

Hakikisheni anaondoka kwa barua ya rufaa. Fomu ya kutoka kwa hiari yenu msiisaini, kwa sababu karatasi hiyo hugeuzwa baadaye kuwa ushahidi kwamba mlikataa matibabu. Dai picha zote za eksirei, au nakala yake kwenye diski, na orodha ya dawa alizopewa pamoja na saa. Bila picha, kule watampiga nyingine na mtalipa mara ya pili.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: kujiandikisha peke yake hakulipi bili ya upasuaji. Wengi wanasema "mimi niko SHA" kwa kuwa walipata ujumbe wa simu, kumbe hawajajibu maswali ya kupima uwezo wa nyumba wala kulipa mchango. Piga *147# kwa kitambulisho chake uone hali yake. Kwa asiye na mshahara mchango hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na unaweza kuwa zaidi kulingana na majibu ya yale maswali. Kama ana mke, angalia kama ni tegemezi wake au kinyume chake, maana mara nyingi mmoja ameshalipa na jina la mwenzake halikuongezwa. Lipeni, kisha mwende dawati la SHA hapo hospitalini muone kwa macho yenu kwamba inasoma amelipiwa. Hospitali lazima iombe idhini kabla ya kumpeleka thieta. Upasuaji ukifanywa kwanza na idhini ikaombwa baadaye, ombi linaweza kukataliwa na mzigo wote ukawarudia ninyi. Ulizeni pia kwa uwazi: kiasi cha SHA kinabeba chuma chenyewe, au chuma ni juu yetu? Mara nyingi hapo ndipo familia hushtuka, mgonjwa akiwa ameshaandaliwa.

Mkiambiwa mnunue chuma, ombeni iandikwe aina, urefu na unene wake, pamoja na idadi ya skrubu, kisha mtafute bei kwa wauzaji wawili. Msimpe mtu yeyote pesa mkononi korido. Pesa ya hospitali hupitia nambari rasmi ya malipo na risiti inatoka. Aliyepokea kwa simu yake binafsi hatakuwepo siku ya kuulizwa.

Bili ya hospitali ya kibinafsi ombeni ikiwa na kila kitu kwa mstari wake, si jumla tu. Kaeni nayo na daftari. Hesabuni siku za kitanda: siku ya kuingia na siku ya kutoka hutozwa zote mbili kama siku kamili, wakati mwingine kimakosa. Linganisheni dawa na karatasi ya wodi ambapo nesi hutia saini kila dozi. Iliyotozwa bila saini, ulizeni. Angalieni glavu, dripu na pamba, kwa sababu vitu hivyo huingizwa kwa pakiti nzima ilhali kimetumika kimoja. Anayefaa kuongea na mhasibu ni mtu mtulivu mwenye karatasi mkononi. Anayegombana hufungiwa mlango. Makosa yakishaondolewa, ombeni kulipa kwa awamu kwa maandishi: kiasi gani kila mwezi, hadi lini. Hatimiliki ya shamba isiachwe hospitalini kama dhamana bila wakili kuisoma hiyo karatasi.

Na wakikataa kumruhusu atoke kwa ajili ya deni, fahamuni kwamba Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitalini kwa bili, kwamba kumzuia mgonjwa namna hiyo ni kuvunja haki zake. Deni linabaki deni na wanaweza kulidai mahakamani, ila mwili wake si rehani. Vilevile kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura.

Hospitali ya umma ina afisa wa ustawi wa jamii. Mwoneni wiki ya kwanza, msingoje siku ya kutoka. Atahitaji barua ya chifu au naibu wake inayoeleza hali ya nyumbani, nakala za vitambulisho na maelezo ya nani anategemea nani. Ombi la msamaha wa bili hupelekwa mbele ya kamati, na kamati haikai kila siku. Anayeomba Ijumaa jioni hulala hapo wikendi nzima akitozwa kitanda.

Sasa upande wa polisi na bima, ambao familia nyingi huuacha mpaka umeharibika. Mdogo wako alikuwa abiria, kwa hiyo bima ya Probox inamhusu, na ya boda pia ikiwa mwendeshaji alichangia kosa. Bima hiyo ya lazima hulipa mtu mmoja hadi shilingi milioni 3. Wiki hii mmoja wenu aende kituo kilichoandikisha ajali achukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha afuatilie abstrakti, ile hati ya polisi ya maelezo ya ajali. Ikitoka asiikunje na kuiweka mfukoni. Aisome akiwa bado kaunta. Jina la mgonjwa liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na liwe limeandikwa kama abiria aliyeumia. Jina lake lisipokuwemo, kampuni ya bima itasema hakuwa kwenye hiyo pikipiki. Nambari za usajili ziwe sahihi mpaka herufi ya mwisho, na jina la kampuni ya bima na nambari ya cheti ziwepo kwa vyombo vyote viwili. Kosa husahihishwa kwa siku moja sasa. Mwakani ofisa aliyeandika atakuwa amehamishwa. Chukueni na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, nayo haiuzwi.

Kisha tafuteni rekodi ya mmiliki wa Probox katika NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Magari haya huuzwa mara tatu bila kubadilishwa jina, hivyo wakili atawashtaki mwenye jina na anayelitumia pamoja. Mwenye gari akija wodini na shilingi elfu ishirini za dawa, zipokeeni kwa karatasi inayosema ni msaada wa matibabu na si malipo ya mwisho. Msisaini chochote chenye maneno "sitadai tena".

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu. Ripoti ya daktari ya kupima ulemavu isifanywe mapema mno, kwani mfupa haujaunga na asilimia itakayoandikwa haitakuwa ya kweli. Wale vijana wanaozunguka wodini na fomu za mawakili, waambieni asante, waende zao. Mchagueni wakili wenyewe, mhakikishe jina lake liko katika orodha ya Chama cha Wanasheria cha Kenya. Makubaliano ya "nichukue asilimia fulani tukishinda" hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Na kama siku hiyo alikuwa ametumwa na mwajiri, mwajiri aarifiwe sasa hivi kwa maandishi. Kuna fidia ya ajali kazini chini ya sheria ya 2007.

Mahakama hairudishi pesa ya matibabu isiyo na risiti. Risiti za mashine, zile nyembamba zenye kung'aa, hufifia zikawa nyeupe baada ya miezi michache, hasa zikikaa mkobani karibu na joto. Kila jioni zipigeni picha, toeni nakala, mbandike nakala kwenye daftari kwa tarehe, na asili ziwe kwenye bahasha. Hata nauli ya teksi kumpeleka kliniki iandikiwe risiti.

Harambee ni sawa, ila iwe na mweka hazina mmoja na kiasi kilichotajwa. Watu huchangia haraka wakiona bili yenyewe imepigwa picha.

Akirudi nyumbani na fremu ya nje, kila pini isafishwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na kitambaa safi tofauti kwa kila pini ili uchafu wa moja usihamie nyingine. Wekundu unaosambaa, usaha au pini inayocheza: kliniki siku hiyo hiyo. Magongo yapimwe akiwa amesimama, sehemu ya juu ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito aubebe kwa viganja. Asikanyage kwa mguu huo mpaka daktari aone eksirei na aseme akanyage kiasi gani.

Kesho asubuhi anza na dawati la SHA, mwenzako aende kituoni. Ukikwama mahali, weka hapa ulichoambiwa neno kwa neno, bila jina la mgonjwa wala nambari ya kitambulisho, nami nitajibu.