Jibu: Cranes kukosa wachezaji Kombe la Elgon

Ndugu yangu, umeuliza kama Cranes, timu ya taifa ya raga ya Uganda, hukosa nyota wao dhidi ya Kenya kwenye Kombe la Elgon kwa utovu wa nidhamu. Si wote. Mechi ikiangukia nje ya kipindi cha mechi za timu za taifa kilichopangwa na World Rugby, shirikisho la raga duniani, klabu ya ughaibuni hailazimiki kumwachia mchezaji, basi jina halionekani kikosini bila kosa lolote.

Kadi ni habari nyingine. Ya njano ni dakika 10 nje, mkibaki wachezaji 14 uwanjani. Ukimkaba mtu kichwani ukalambwa nyekundu, adhabu kwa kawaida huanzia wiki 6 (ukikiri huweza kupunguzwa hadi nusu), na inakufungia hata mechi za klabu. Sisi pale Kyadondo, uwanja wa raga wa Kampala, tunamzomea refa tu, kumbe bega letu ndilo lililopanda juu!