Bethdei ya Julai imekuja Aprili: nibadili programu?

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga, na ndiye katibu wa ukoo wetu. Niliandika kwenye Excel siku za kuzaliwa na za ndoa za watu 112, nikaziingiza kwenye kiprogramu cha bure cha kukumbushia. Mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa 4/7/1985, kilimtangaza Aprili. Wengine hakiwataji mwaka mzima. Mke wangu wa 6/6 hakijamkosea hata mara moja. Fundi wa mjini anasema programu imechoka, nimpe shilingi 40,000 aniwekee nyingine, anaiita "full". Nimlipe?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Usimlipe. Programu si tairi, haichoki.

Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali, kwenye ile 6/6 ya mama. Kompyuta nyingi zinazotufikia, ziwe mpya au mtumba, huja zimewekewa tarehe za Kimarekani, na Mmarekani huanza na mwezi. Wewe uliandika 4/7 ukimaanisha tarehe 4 mwezi wa saba, mashine ikasoma mwezi wa nne tarehe 7. Sita-sita ukiigeuza inabaki ile ile, ndiyo maana mama yuko salama. Na hao wasiotajwa kabisa, hebu watazame: naweka dau kuwa wote wamezaliwa kuanzia tarehe 13 kwenda mbele. 23/9 kwa Mmarekani ni mwezi wa 23, na mwezi huo haupo, basi Excel inaiacha hapo kama maneno matupu. Fungua jedwali uone. Kama hukuupanga upya mwonekano wake, tarehe iliyoeleweka imeegemea kulia kwa kisanduku chake, na iliyobaki maneno imeegemea kushoto. Nimewaonyesha watu hili mara nyingi na kila mtu hushika kichwa.

Sasa sikiliza jambo linalonichosha kuliko yote katika kazi hii. Excel kwa ndani haihifadhi tarehe, inahifadhi hesabu ya siku, na 1 Januari 1900 ndiyo siku namba 1. Mwanao alitakiwa awe namba 31232. Kwako yumo kama 31144, amepungukiwa siku 88. Lakini kwenye kioo inaonekana 4/7/1985, kama ulivyoiandika, hivyo hukuwa na sababu ya kushtuka. Hata ukiingia leo kwenye mipangilio ya Windows ukachagua Tanzania, namba ni ile ile, kitakachobadilika ni sura yake tu. Na programu ya fundi wako, iwe "full" au nusu, itakabidhiwa hiyo hiyo 31144. Mwanao atapongezwa tena Aprili, safari hii kwa shilingi 40,000.

Watu wanahama programu kama wagonjwa wanaohama waganga. Kila mganga ana kibuyu kipya, mgonjwa ni yule yule. Kosa liko kwenye orodha, na orodha hakuna anayetaka kuigusa kwa sababu ni kazi ya kukaa kitako.

Basi kaa kitako. Fungua jedwali jipya, uweke kolamu tatu: siku, mwezi, mwaka, kila moja na namba yake peke yake. Nne, saba, 1985. Hapo hakuna Mmarekani wala Mwingereza wa kukugeuzia kitu. Kolamu ya nne andika ni tukio gani, kuzaliwa, ndoa au msiba. Usinakili kutoka kwenye jedwali la zamani. Mjukuu akusomee kutoka kwenye daftari ulilotumia mwanzo, wewe uandike. Watu 112 ni alasiri moja. Ukimaliza, iamuru Excel ipange kwa mwezi kisha kwa siku, uchapishe karatasi moja, uibandike jikoni. Ukitaka faili ambalo programu yoyote italisoma bila ubishi, andika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku: 1985-07-04. Huo ndio mpangilio wa kimataifa, ISO 8601, upo tangu 1988.

Kolamu tatu zina faida nyingine ambayo programu nyingi za kununua hazina. Wazee wetu wengi vitambulisho vinasema 1 Januari, na si kwamba ukoo mzima ulizaliwa mwaka mpya. Ulijulikana mwaka tu, karani akajaza pengo. Programu itakulazimisha ujaze tarehe kamili, kisha 1 Januari ikupigie kengele za watu kumi na wanne. Kwenye jedwali lako unaacha siku na mwezi wazi, yamekwisha.

Na kama mna hauli za wazee, yaani dua za kila mwaka za kuwakumbuka marehemu, zinazofuata mwezi wa Kiislamu, usizichanganye na hizi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo hauli inarudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Ukimwekea marehemu tarehe ya Kizungu "irudie kila mwaka", baada ya miaka mitatu unasoma hitma mwezi mzima baada ya wakati. Ziwekee karatasi yake, kwa majina ya miezi yenyewe, na neno la mwisho liwe la mwandamo, kompyuta isikubishie. Mtoto wa 29 Februari naye mwandikie tarehe 28: kalenda nyingi zikiambiwa zirudie tarehe 29 kila mwaka huruka hadi mwaka mrefu, na unaofuata ni 2028.

Kengele yenyewe iweke kwenye kalenda ya simu. Kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa wiki nzima haiwezi kumkumbusha mtu. Weka kengele mbili, moja wiki moja kabla, ya pili siku yenyewe, maana ukikumbushwa asubuhi ile ile kuna zawadi gani utakayoipata? Na ukiona siku moja mashine inadai leo ni Januari 2010, usiite fundi wa programu. Ndani yake kuna kijibetri cha duara, CR2032, kimekwisha.

Turudi kwenye hiyo "full". Karibu kila wakati maana yake ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, yaani krak. Wiki hii tu nimefungua mashine ya mteja, ndani ya folda kuna maelekezo, mstari wa kwanza: zima antivairasi. Mwizi amebisha hodi, ameomba umfunge mbwa kwanza, nawe umemfunga. Mteja yule alikuja analalamika kompyuta nzito. Alikuwa na picha za harusi za miaka kumi na mmoja kwenye diski hiyo hiyo, hana nakala hata moja kwenye flashi.

Za simu hazina nafuu. Kiprogramu cha kukumbusha bethdei unaweza kukikuta kinaomba ruhusa ya majina yako yote ya simu, meseji na mahali ulipo. Meseji za nini? Wewe umekipa orodha ya ukoo, majina kamili, tarehe za kuzaliwa, nani kamuoa nani. Tapeli anayepiga simu akijifanya ni mjomba wa Muheza hahitaji zaidi ya hapo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini orodha ikishanakiliwa haikusanyiki tena. Ukiulizwa ruhusa isiyohusu tarehe, kataa, na programu ikigoma kufunguka, ifute.

Faili lako likikamilika, weka nakala kwenye flashi, nyingine mpe binti anayeishi mji mwingine, yenye nywila. Nywila hiyo isiwe 1985. Na kama namba ya siri ya pesa zako za simu ni mwaka aliozaliwa mtu yeyote kati ya hao 112, Mwalimu, ibadili leo, kabla hujamwita mjukuu na daftari.